Maji Niliyowafundisha Kuyazuia

Vijana wa ofisini wameniomba niandike "mambo muhimu ya kazi" kabla sijasahau. Kwa heshima hawakusema kabla sijafa. Nilistaafu mwezi uliopita. Nimepewa saa ya ukutani na hotuba tatu, moja ikinisifu kwa kazi ya josho iliyofanywa na mwenzangu wa mifugo. Nilipiga makofi kama wengine. Vyeo vyangu sitavizungumzia, kwa sababu ukurasa mmoja ungevimaliza na nafasi ibaki. Nitazungumzia miteremko: jinsi udongo unavyokaa mlimani, na jinsi unavyoweza kuamua siku moja kwamba umechoka kukaa.

Nilisomea udongo chuo kikuu. Kozi ya miteremko ilifundishwa kwa kitabu kimoja tu kilichokuwa maktaba, nacho kilikuwa cha theluji. Mhadhiri wetu alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi na kitabu hicho na koti zito ambalo alilivaa hata Februari. Tulijifunza kwamba theluji hulala mlimani kwa tabaka, mpya juu ya kuukuu. Baridi ikiisha na jua kuanza kuwaka, theluji ya juu huyeyuka, maji yake huzama hadi kwenye tabaka gumu la barafu, hapo hukosa pa kwenda. Yakijaa, kila kitu kilicho juu ya tabaka lile huondoka kwa pamoja, pamoja na watu waliokuja kuteleza kwa raha zao. Tulichora matabaka hayo kwa kalamu za rangi. Nilipata alama nzuri sana. Kisha serikali, kwa hekima yake, ikanipeleka Nuu.

Kwa asiyeijua, Nuu iko upande wa Mwingi, na siku zile barafu pekee ilitarajiwa kwenye friji ya duka la soda, nayo ilikuwa kabati ya sukari kwa sababu stima haikuwa imefika. Nilishuka na viatu vya ngozi na mkoba wa vitabu. Wakulima waliitwa kunisikiliza. Nikajitambulisha kwa dakika nyingi. Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akainua mkono.

"Ofisa, karibu. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na elimu, mzee."

"Elimu iko," akasema. "Hata mtoto yangu anayo, amekaa nayo nyumbani. Maji je?"

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na sikuwa nimelisoma popote. Nuu, mvua ikija, huja kwa hasira, hupiga ardhi, hubeba udongo na kuondoka nao mtoni kabla hujamaliza kutafuta ndoo. Dawa yake wenyeji waliijua kabla yangu: fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, maji yakija yanakutana na mtaro, yanatulia na kuzama polepole. Zana zake ni kamba, fito mbili na pimamaji ndogo inayoning'inia katikati ya kamba. Kiputo kikikaa katikati, mtaro uko sawa. Kikienda pembeni, rudia. Siwezi kuwaeleza furaha ya kuona mahindi ya kando ya mtaro yakiwa ya kijani huku ya jirani yamekunjika kama sigara. Niliamini fanya juu kama watu wanavyoamini ubatizo. Tone likianguka shambani mwako, lisitoke. Nililisema kwa wakulima, kwa wanafunzi, kwa mama watoto aliyekuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo. Ningebaki Nuu, ningestaafu nikiwa mtakatifu.

Wakanihamisha Kilungu.

Vilima vya Kilungu mnaviona mkipita barabara ya Mombasa, mkisema ni vizuri kwa macho. Kuvilima ni habari nyingine. Ng'ombe wa jirani wa juu akiteleza, unampata jikoni kwako. Huko kuna avokado, ndizi, maembe, na mashamba yaliyosimama wima kiasi kwamba mtu hupanda maharagwe huku ameshika mti kwa mkono mmoja. Msaidizi wangu wa nyanjani aliitwa Bi. Syokau. Alikuwa na elimu ya darasa la saba, gambuti nyeusi, na mtaimbo ambao hakumwachia mtu. Mimi aliniita Digrii tangu siku ya kwanza, na sidhani aliwahi kulijua jina langu la pili.

Siku hiyo ya kwanza alinipandisha kilima kwa mwendo uliokusudiwa kuniaibisha, ukafaulu. Huko juu akauchoma mtaimbo ardhini. Ukazama kama kisu kwenye ugali, kisha ukalia kong.

"Umesikia?"

"Nimesikia mwamba," nikasema, nikihema.

"Mwamba imelala aje?"

"Imelala... chini."

"Ai, Digrii! Chini ndiyo, itakuwa juu? Imelala kama mabati ya nyumba. Hapa juu ni hii udongo mwekundu, na huko chini ni mabati. Weka blanketi juu ya mabati, mwaga maji, uone kama italala."

Niliandika maneno hayo katika daftari kwa mwandiko safi. Daftari likaingia kwenye mkoba, mkoba ukaingia kabatini, nami nikaenda kufanya nilichokijua.

Ukambani kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Inafanywa na mwethya. Watu wa kijiji, wengi wao kina mama, wanaungana na kuchimba shamba la mmoja leo na la mwingine wiki ijayo, wakiimba na kutukanana vizuri. Mwethya una sheria nyingi kuliko bunge, na tofauti ni kwamba zinafuatwa. Moja yake ni hii: kilichochimbwa na kikundi ni cha kikundi. Hata kama kiko shambani kwako, huwezi kukifukia wala kukibomoa bila wote kukubali, kwa sababu jasho lililomo si lako.

Mwethya nilioupata Kilungu uliongozwa na Mama Mwende, mwanamke wa sauti moja tu, ya juu. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali, na nyumba yake chini ya shamba hilo, mahali pazuri penye chemchemi. Aliishi hapo na mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Susu, yaani nyanya, na wajukuu watatu. Nilipowaeleza habari za Nuu, Mama Mwende alisimama kabla sijamaliza. "Tuanzie kwangu," akasema. Tukaanzia kwake. Mitaro saba, mmoja juu ya mwingine, kila kiputo katikati, na kila mtaro tumeuziba ncha zote mbili kwa udongo ulioshindiliwa ili hata tone lisitoroke. Bi. Syokau aliitazama kwa muda.

"Na maji itatokea wapi?" akaniuliza.

"Haitatoka. Ndiyo maana ya mtaro."

"Sawa, bosi."

Hakuwahi kuniita bosi kabla ya hapo. Vijana, mkisikia msaidizi mwenye uzoefu anasema "sawa, bosi," simamisheni kazi mara moja na mketi chini.

Mimi sikuketi. Kwa miaka kadhaa nilionekana nina akili. Mvua ya Aprili kwetu ni kama ahadi ya mgombea, inatajwa sana na haifiki, na ile ya Novemba ilikuwa ya wastani. Mitaro ikashika unyevu, Mama Mwende akapanda nduma ndani yake, nduma zikanona. Wageni wakaletwa kwa magari kupiga picha. Nikaalikwa hotelini kuwahutubia wenzangu kuhusu Mfano wa Kilungu, nikala kuku. Bi. Syokau hakualikwa. Ni dhahiri kwamba mtaimbo haungepita mlangoni.

Kisha ukaja mwaka ambao Aprili ilitimiza ahadi. Ilinyesha wiki ya kwanza, tukaimba. Ilinyesha ya pili, kanisani ikatolewa sadaka ya shukrani. Wiki ya tatu ilinyesha usiku na mchana, mvua ndogondogo isiyo na hasira, ile inayozama yote, na hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa tumefunga na kuomba mvua miaka mingi. Kumwambia Mungu asimamishe ingekuwa kama kumrudishia aliyekuletea chakula sufuria yake kwa kumtupia. Mitaro saba ilijaa mpaka juu. Mama Mwende alinipigia simu kunishukuru.

Ishara zilikuwepo, na ni hizi, ziandikeni. Chemchemi iliyo chini ya kilima, iliyokuwa safi siku zote, inageuka rangi ya chai ya maziwa. Miti ya avokado inaanza kuinama kuelekea bondeni, yote pamoja, kama waumini. Na mlango wa jikoni unakataa kufunga. Mlango huo Mama Mwende alimwita fundi aurande. Baada ya siku mbili ukakataa tena, akamwita tena. Fundi akasema mbao za siku hizi hazina heshima. Mbao hazikuwa na kosa. Nyumba ndiyo ilikuwa imeanza safari.

Bi. Syokau hakunieleza kwenye simu. Alisema, "Digrii, kuja," akakata.

Juu ya mtaro wa saba kulikuwa na ufa kwenye nyasi, mrefu kuliko nyumba, umejikunja kama upinde. Niliingiza mguu, ukaingia hadi kifundo. Tulipiga kigingi upande wa juu na kingine upande wa chini, tukafunga uzi katikati ukiwa umelegea. Fanyeni hivyo, ni bei rahisi na hauhitaji betri. Tulipanda tena asubuhi iliyofuata, tukakuta uzi umekatika.

Nilikaa kwenye matope nikakumbuka kalamu za rangi. Tabaka legevu juu, tabaka gumu chini, maji katikati yasiyo na pa kwenda. Nilikuwa nimeisomea ajali ile muhula mzima na nikatunukiwa. Shida ilikuwa rangi tu: nilifundishwa ikiwa nyeupe, ikanijia nyekundu.

"Watu watoke kwa hiyo nyumba leo," Bi. Syokau akasema. "Na hiyo mitaro ifunguliwe ncha, maji iende kwa korongo ya mawe. Pengine upande mmoja utashika. Kuna nyumba mbili zingine huko chini."

Nikashuka kwa Mama Mwende. Alikuwa akipepeta maharagwe barazani, mwenye furaha ya mtu ambaye shamba lake limeshiba.

"Ofisa! Ingia, kuna chai. Umeona nduma?"

"Nimeziona. Mama Mwende, inabidi tufungue mitaro, tumwage maji. Na nyinyi mhame, leo."

Aliweka ungo chini. "Tumwage nini?"

"Maji."

"Hii maji?" Alicheka, akaangalia kama ninacheka pia. "Si ni wewe ulitufunza? Tone isitoke! Ulitufunza mpaka tukaimba! Hata kuna mtoto hapa aliitwa Pimamaji. Sasa unakuja kuniambia nimwage? Ni chuo gani hiyo ilikufunza leo?"

"Hali imebadilika."

"Hali ya nani?"

Kutoka ndani Susu akasema, "Mimi nilisema tangu juzi. Mlango unalia, mnauitia fundi. Mngemwita daktari."

"Mama, ngoja," Mama Mwende akamwambia. Akanigeukia, sauti imeshuka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hata nikitaka, siwezi. Hiyo mitaro si yangu, ni ya mwethya. Waite. Uwaambie wewe mwenyewe."

Alipiga filimbi, na kabla ya saa nne mwethya wote ulikuwa umesimama kwenye mteremko ule chini ya mvua, kina mama wamejifunika mifuko ya plastiki, majembe begani. Nikawahutubia. Niliongea juu ya mabadiliko ya tabianchi. Niliongea juu ya mbinu shirikishi za kuhuisha miundo. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba tumeingia awamu ya pili ya Mfano wa Kilungu. Walinisikiliza kwa adabu wanayowekewa wanasiasa, na hakuna jembe lililosogea. Mmoja aliuliza kama awamu ya pili ina chakula cha mchana.

Bi. Syokau alinivuta mkono wa koti.

"Digrii. Hawa hawatabomoa jasho yao kwa hiyo maneno ya hoteli. Sema hiyo kitu."

"Kitu gani?"

"Unakijua."

Nilikijua. Ningependa kuwaambia kwamba nilikisema kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba niliangalia juu kwanza, kwenye ufa, nikatumaini kilima kitaanguka kidogo tu, bila kuumiza mtu, kiniondolee kazi ya kuongea. Kilima hakikunisaidia. Chini yetu moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwa Mama Mwende. Wajukuu walikuwa wanapikiwa uji.

"Nilikosea," nikasema. "Nuu nilijifunza kuzuia maji, nikaja kuyazuia hapa, mahali ambapo mwamba umeinama. Bi. Syokau aliniambia siku ya kwanza, nikaandika na sikusikia. Maji yote haya yameenda chini ya udongo, na udongo unataka kuondoka na nyumba ile. Ninyi mlichimba vizuri. Mimi ndiye niliyewaonyesha vibaya."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Nani ana simu? Ofisa wa serikali amesema amekosea. Nataka hiyo video." Wakaangua kicheko, mimi nikiwa wa mwisho kucheka. Mama Mwende hakucheka. Alichukua jembe la jirani yake, akanisukumia kifuani.

"Anayeharibu kazi ya mwethya anaadhibiwa. Anza wewe. Ukichoka, tutaingia."

Nilichoka baada ya muda mfupi sana, kwa hiyo wakaingia. Tulifungua mitaro mmoja baada ya mwingine tukianzia juu, upande wa korongo la mawe. Upande wa pili, juu ya nyumba ya Mama Mwende, ardhi ilikuwa imelainika kiasi kwamba Bi. Syokau hakuturuhusu kukanyaga. Maji yalitoka kwa kishindo, mekundu, yakishuka na nduma zao. Mama mmoja aliweka jembe chini akageuza uso. Aliyekuwa karibu naye alimwuliza kama ameumia. Akasema hapana, hawezi tu kutazama maji yakienda hivyo. Hakuna aliyemcheka.

Jioni waliwahamisha watu wa nyumba zote tatu hadi ukumbi wa kanisa. Susu alitangulia, redio kwapani, akiwaambia waliochelewa waharakishe. Mama Mwende alitoka wa mwisho, akafunga mlango wa mbele kwa kufuli, akautikisa mara mbili kuhakikisha.

Kilima kiliondoka siku iliyofuata, alasiri, mvua ikiwa imepungua na watu wameanza kusema labda tulikuwa na haraka. Kitabu changu kilisema maporomoko huja kwa ngurumo. Kilima hiki kilikuja kwa sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, likimwaga bila kumaliza. Tulipofika, shamba la Mama Mwende lilikuwa bondeni likiwa na miti yake imesimama bado, na nyumba haikuwepo. Haikuwa imebomoka, haikuwepo. Mwamba ulikuwa wazi, unang'aa, umeinama kama mabati hasa. Upande wa korongo, ule tuliofungua, ulishika. Nyumba mbili za chini yake zilipata matope mlangoni na kuku mmoja aliyekasirika.

Hakuna aliyekufa. Naiandika sentensi hiyo peke yake kwa sababu ndiyo pekee katika kazi yangu ninayoweza kuisoma bila kukohoa. Ningefungua wiki moja kabla, labda nyumba ingekuwepo. Labda. Swali hilo nimelijibu mara nyingi, na majibu hayafanani.

Niliandika ripoti. Fomu ilikuwa na sehemu ya Chanzo. Nikajaza: "Ushauri wa ofisa." Ikarudishwa kutoka makao makuu ikiwa na wino mwekundu: chagua mojawapo ya vyanzo vilivyoorodheshwa. Vilikuwa mvua, tetemeko na mengineyo. Nilipojaribu mengineyo, ikarudi tena wakitaka maelezo kwa nakala tatu. Mwishowe faili lilifungwa likisema mvua. Mvua haina chama cha wafanyakazi.

Juni, ardhi ilipokauka, mwethya ukaamua kumjengea Mama Mwende nyumba nyingine, juu karibu na mgongo wa kilima, kwenye kipande alichopewa na shemeji yake. Walinipigia simu nikachague mahali pa msingi. Nilidhani ni mzaha. Bi. Syokau akaniazima mtaimbo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, nami nikaenda.

Nilikipima kile kipande siku tatu. Nilichoma mtaimbo kila hatua mbili, nikasikiliza, nikachora. Nilitafuta nyufa, nikakagua miti, nikaonja chemchemi. Siku ya tatu mwethya wote ulikuja na mawe ya msingi, ukaketi, ukanitazama nikizunguka. Wakamaliza uji. Wakamaliza habari za watu.

"Ofisa," Mama Mwende akasema, "chagua. Jua linaenda."

"Nadhani ni hapa," nikamwambia. "Mwamba hapa umelala vizuri kidogo. Lakini sina uhakika, Mama Mwende. Naweza kurudi kesho, nipime tena upande ule."

Alichukua kigingi kutoka mkononi mwangu.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nangojea," akasema. "Mara ile nyingine ulikuwa na uhakika."

Akainama, akakipigilia.